Mbele ya kumuita mtoto kwenye matanga, muulize dosie yake

Mwaka jana tulizika mzee mmoja wa Kamituga, mchimbaji wa zamani wa dhahabu. Sisi wa sendika tulichanga pesa ya sanduku. Na ni sisi pia tulimpigia simu mtoto wake wa kwanza aliye Marekani: kuja, baba hawezi kwenda kaburini bila wewe kutupa udongo. Akakuja. Leo ni mwezi wa nane, angali hapa Bukavu, bibi na mtoto wamebaki kule.

Yule kijana alifika Marekani kwa viza ya masomo, akaoa raia wa kule, wakaweka dosie ya ukaaji kupitia ndoa. Wengi wetu tunafikiri mtu akisha kuoa, mambo yameisha. Haiko vile. Ukitoka inchi dosie ikingali inangojea, bila karatasi ya ruhusa ya kusafiri, kwa kawaida wanahesabu kwamba umeitupa mwenyewe. Karatasi hiyo inaombwa kwa fomu I-131, na lazima uwe nayo mbele ya kupanda ndege. Kwa kifo kuna njia ya kuomba haraka, lakini haraka ya ofisi haiko haraka ya matanga. Kwetu mwili haungoji.

Wengine wanaumia zaidi. Aliyekaa kule bila kibali zaidi ya siku 180, kisha akatoka, anaweza kufungiwa mlango miaka 3. Akipitisha mwaka mzima, miaka 10. Huyu wetu hayakumpata hayo, lakini anaanza upya, kwa ubalozi wa Kinshasa. Na tangu Februari 2025 ndege za abiria hazishuki Kavumu. Mtu wa Bukavu anavuka Ruzizi, anapita Kigali na inchi ingine tena, ili afike mji mkuu wa inchi yake mwenyewe!

Baba zake wadogo wanasema: angekuwa na akili angeuliza avoka. Sisi tunakataa. Nani alimpa muda wa kuuliza? Tulimpigia simu asubuhi na jioni, na mtu asiyekuja tunamuita mwana aliyepotea, hata laana tunaitaja. Kwa machimbo tunajua vizuri: ukiacha shimo bila mtu wa kulilinda, kesho unakuta wengine wamo ndani. Mbona kwa mtoto wa ng'ambo tunasahau?

Basi tumuulize kwanza: dosie iko wapi, ruhusa unayo? Kama hana, mdogo wake atupe udongo kwa jina lake, yeye aangalie kwa simu. Kumaliza matanga kunaweza kungoja mpaka siku atakapopata karatasi.

Kwa huyu kijana, sendika imeamua kuchanga tena, safari hii kwa ajili ya avoka. Baba wadogo nao tumewaandikia. Wawili wamekwisha kuleta.