Kidimbwi cha Vyura Uani



Masika yalipokaribia, tulichimba kidimbwi uani kwetu. Siku ya pili jirani yetu alibisha hodi, akauliza kwa upole: "Jamani, mwatufugia mbu?" Mwanawe mdogo alikuwa ametoka tu kuugua malaria. Hatukuwa na jibu la haraka, na jirani ana haki yake.

Lugha yetu huwaita mtoto wa mbu na mtoto wa chura kwa jina moja, kiluwiluwi. Wa mbu ni mwembamba, huning'inia chini ya uso wa maji na kujipindapinda akishtuliwa. Wa chura ana mwili wa mviringo na mkia bapa, na zaidi hula ukoga wa kijani ulioota mawe. Tusidanganyane: huyu si mlinzi wa kutegemewa dhidi ya mbu. Wanaowinda watoto wa mbu majini ni watoto wa kereng'ende, nao hawaji siku ya kwanza. Kwa joto la pwani, yai la mbu laweza kuwa mbu kamili kwa muda wa wiki moja hivi. Basi twapitisha chujio juu ya maji mara mbili kwa wiki, bila kukosa.

Kisha tulizunguka na jirani yetu nyua zote mbili. Tulikuta maji yaliyotuama katika tairi kuukuu, vifuu na ndoo iliyosahauliwa, tena nyingi zilikuwa kwetu. Mbu aenezaye homa ya dengi hupenda vyombo kama hivyo. Tulivimwaga pamoja, tukamwahidi kwamba mbu wakizidi, kidimbwi tutakifukia.

Kwa atakaye kuchimba: kina cha sentimita 50 katikati chatosha, na upande mmoja uteremke taratibu kama ufuo, ili vyura wapate kutoka. Tandazeni mchanga, kisha karatasi nzito ya plastiki. Maji ya mvua ni bora. Ya mfereji yaacheni wazi siku mbili, klorini ipungue. Msitie samaki, kwani hula mayai na watoto wa vyura. Wala msilete vyura kutoka kwingine, maana huweza kubeba maradhi, watakuja wenyewe. Tawi likiinama juu ya maji, huenda mkaona povu jeupe: ni kiota cha chura wa mitini, ambaye watoto wake hudondoka majini baada ya siku chache.

Mkikutana na nyungunyungu mnene wakati wa kuchimba, mtazameni kwanza. Yuko amfibia asiye na miguu aishiye udongoni, ambaye wataalamu walimwita kwa jina la Changamwe: Boulengerula changamwensis.

La muhimu kuliko yote, zungushieni uzio wenye lango la kufungwa. Mtoto mchanga huzama hata katika maji machache.

Imepokewa katika Sunan Abi Dawud kwamba tabibu mmoja alimuuliza Mtume (S.A.W.) juu ya kumtia chura katika dawa, naye akamkataza kumuua. Nasi twawafundisha watoto kutazama bila kupiga mawe, na kunawa mikono wakimgusa.

Juzi usiku vyura waliimba. Asubuhi jirani yetu alimleta mwanawe, wakasimama nje ya uzio, wakihesabu.

Wabillahi tawfiq.