Tutajuaje Kwamba Kijana Sasa Analala?

Miongoni mwa maneno yanayopendwa mno katika taarifa za mazoezi ya kufundisha ni neno "amebadilika". Mwalimu mwanafunzi huandika kwamba mtoto fulani alikuwa mzito darasani, akashauriwa, na baada ya majuma matatu amebadilika. Taarifa huishia hapo. Haielezwi alitoka wapi akafika wapi, wala kama wenzake ambao hawakushauriwa na mtu nao walibadilika vilevile. Nataka kulijadili neno hilo kwa mfano ambao huenda ukaonekana uko mbali na ubao na chaki, yaani namna wataalamu wanavyopima matokeo ya tiba ya kukosa usingizi kwa vijana. Nimeuchagua kwa makusudi. Usingizi haushikiki, na mwenye kulala ni shahidi dhaifu wa usingizi wake mwenyewe. Mwenye kujua kupima kitu cha namna hiyo kwa uaminifu hatashindwa kupima maendeleo ya kusoma.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Shirika la Afya Duniani huwahesabu vijana balehe kuwa ni wenye umri wa miaka 10 hadi 19. Basi wanafunzi wa madarasa ya juu ya shule ya msingi wamo. Ama ugonjwa wa kukosa usingizi, mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliotolewa mwaka 2013 unataka shida iwepo walau siku tatu kwa juma, kwa muda wa miezi mitatu, ingawa mgonjwa anayo nafasi ya kutosha ya kulala. Sharti hilo la mwisho ndilo linalosahauliwa. Mtoto anayeuza maandazi stendi hadi usiku, kisha akaamshwa alfajiri kwenda kuteka maji, haumwi ugonjwa huu. Huyo ananyimwa usingizi, na dawa yake haiko kwa tabibu.

Tiba yenyewe, kwa vijana kama kwa watu wazima, kwa kawaida haianzi na vidonge. Mwaka 1972 Richard Bootzin, mwanasaikolojia wa Marekani, alieleza njia ya kumzoeza mtu kukihusisha kitanda na kulala tu: asiyepata hata lepe la usingizi ainuke, akae kando, arudi akianza kusinzia, na aamke saa ile ile kila siku. Mwaka 1987 Arthur Spielman na wenzake wakaeleza njia ya pili, ya kupunguza saa za kukaa kitandani ili usingizi uliotawanyika ukusanyike pamoja, kisha saa hizo kuongezwa kidogo kidogo. Kwa njia hizo mbili huongezwa mazungumzo ya kurekebisha hofu zinazomkesha mtu. Kwa vijana upunguzaji huo hufanywa kwa tahadhari, kwa kuwa mwili unaokua unadai usingizi mwingi. Chama cha wataalamu wa tiba ya usingizi cha Marekani kilipendekeza mwaka 2016 saa 9 hadi 12 kwa wenye miaka 6 hadi 12, na saa 8 hadi 10 kwa wenye miaka 13 hadi 18.

Sasa tuingie katika upimaji. Kipimo kinachotajwa mara nyingi ni uwiano wa muda wa kulala na muda wa kukaa kitandani. Unagawa saa alizolala mtu kwa saa alizokaa kitandani, unazidisha kwa 100, na ukipata 85 au zaidi husemwa kwamba hali ni njema. Ni hesabu ya darasa la sita. Hebu tuifanye. Kijana anapanda kitandani saa mbili usiku na kutoka saa kumi na moja alfajiri, yaani saa 9, lakini analala saa 6 na nusu tu. Uwiano wake ni asilimia 72. Tabibu anamwagiza apande kitandani saa nne usiku. Sasa anakaa kitandani saa 7 na kulala saa 6. Uwiano umepanda hadi asilimia 86, na taarifa itasema amepona. Lakini tazama: analala nusu saa pungufu kuliko zamani! Huenda akawa na nafuu ya kweli, maana hagaagai tena gizani kwa saa mbili na nusu. Hilo si dogo. Hata hivyo namba iliyopanda haikutuambia habari hiyo. Ilipanda kwa sababu tiba yenyewe iliigusa sehemu ya chini ya hesabu.

Mpime na yule muuza maandazi. Analala saa tano usiku, anaamshwa saa kumi alfajiri, na kwa uchovu alionao anazimika mara tu anapojilaza. Katika saa 5 za kitandani amelala saa 4 na dakika 50. Uwiano wake ni asilimia 97. Kwa kipimo hiki peke yake, mtoto anayeumia kuliko wote darasani ndiye mlalaji bora. Nawaomba walimu wanafunzi waikumbuke asilimia hiyo kila mara wanapoona alama ya mtihani ikisimama peke yake, bila maelezo.

Wapo watakaosema kwamba dosari hiyo itaondolewa na mitambo. Upo mtambo wa hospitali unaorekodi mawimbi ya ubongo, mwendo wa macho na hali ya misuli usiku kucha, nao ndio unaotegemewa kuliko vyote kueleza kama mtu amelala au yu macho. Lakini ni wa gharama, na mara nyingi humlazimu kijana alale mahali pageni, amefungwa nyaya kichwani. Usiku mmoja wa namna hiyo hausemi kitu kikubwa juu ya juma zima la nyumbani. Kwa hiyo watafiti wengi hutumia kifaa mfano wa saa ya mkononi, kinachorekodi mijongeo. Mkono ukitulia, kifaa huhesabu usingizi; ukitikisika, huhesabu kukesha. Kijana aliyelala chali akiyakodolea macho mapaa, kimya, ataandikwa kwamba amelala. Na kijana anayelala fofofo huku akijipindua ataandikwa kwamba anakesha. Kosa hili la pili limeonekana kwa vijana balehe, hasa wavulana.

Kipimo cha tatu ni shajara ya usingizi, ambayo mhusika huandika kila asubuhi alipanda kitandani saa ngapi, anadhani alichukua muda gani kusinzia, na aliamka mara ngapi. Ni karatasi na kalamu tu. Udhaifu wake mnaujua vizuri kuliko mimi: kuna shajara zinazojazwa siku saba kwa mkupuo, kama maandalio ya somo yanavyojazwa usiku wa kuamkia ukaguzi.

Vipimo hivi vinapogongana, nani asadikiwe? Maoni yangu ni kwamba tusikimbilie kukisadiki chombo kwa kuwa tu ni chombo. Mgonjwa huyu hakwenda kwa tabibu kulalamikia mijongeo ya mkono; alilalamika kwamba usiku ni mrefu na mchana hauendeki. Ndiyo maana naiheshimu hojaji ya ukali wa kukosa usingizi, iliyotungwa na Charles Morin wa Kanada. Ina maswali 7, kila moja hupewa alama 0 hadi 4, jumla ikawa 28. Matatu tu ndiyo yanayohusu usiku wenyewe: kuchelewa kusinzia, kuamka katikati, na kuamka mapema mno. Manne yaliyobaki yanauliza kama mtu anaridhika na usingizi wake, kama shughuli zake za mchana zinaharibika, kama wengine wanaona athari hizo, na kama jambo hilo linamtia wasiwasi. Yaani zaidi ya nusu ya kipimo iko nje ya chumba cha kulala. Kwa mtoto wa shule, sehemu kubwa ya mchana huo imo mikononi mwa mwalimu.

Lakini hata hojaji nzuri haitoshi pasipo kulinganisha. Watu huenda kutafuta msaada wanapokuwa katika hali mbaya kuliko kawaida yao, na hali mbaya mno huelekea kurudi katika kawaida yake hata isipoguswa na mtu. Francis Galton alilionyesha jambo kama hilo mwaka 1886 kwa kupima vimo vya wazazi na watoto wao. Kwa vijana pana zaidi: saa ya mwili husogea mbele wakati wa balehe, na ratiba hubadilika. Ukianza kupima katika juma la mitihani na kumaliza wakati wa likizo, kila kijana ataonekana amepona, pamoja na yule ambaye hukumpa kitu.

Watafiti wa Uholanzi, Eduard de Bruin na wenzake, walilizingatia hilo katika utafiti waliouchapisha mwaka 2015. Vijana 116 wenye umri wa miaka 12 hadi 19 waligawanywa kwa kura katika makundi matatu. Kundi moja lilipata tiba ya kukutana ana kwa ana, la pili lilipata tiba hiyo hiyo kwa njia ya intaneti, na la tatu lilisubiri. Walipimwa kwa kifaa cha mkononi na kwa shajara, siku saba mfululizo, kabla ya tiba na baada yake. Makundi yaliyotibiwa yaliendelea vizuri kuliko lile lililosubiri. Tamko la "amebadilika" hapo lina uzito, kwa kuwa tunajua asiyetibiwa alikuwa wapi siku zile zile. Ninalo shaka moja juu ya kundi la kusubiri: mwenye kusubiri anajua kwamba anasubiri, na pengine hukata tamaa kidogo. Hata hivyo ulinganisho huo ni bora mara nyingi kuliko kutokuwa nao.

Sasa mwalimu wa shule ya msingi afanye nini? Hatakiwi kutibu. Anatakiwa aone na aandike, tena aone vema. Mwenye ugonjwa wa kukosa usingizi mara nyingi huwa amechoka lakini hasinzii hata apewe nafasi. Huwa mkali, msahaulifu, macho makavu. Yule anayeangusha kichwa juu ya dawati mara darasa linapotulia, yaelekea zaidi kwamba hapewi saa za kulala. Kumchapa wa pili kwa uvivu ni kumwadhibu kwa ratiba iliyopangwa na watu wazima. Kumpeleka zahanati atibiwe kukosa usingizi nako ni kupotea njia. Hapo aitwe mzazi, na yazungumzwe maji na maandazi.

Nimeambiwa na wanachuo kwamba katika darasa la watoto 80 haya hayawezekani. Sikubali. Sijasema waandikwe wote 80. Chagua watoto wawili unaowashuku, na wawili wa umri wao usiowashuku. Kwa majuma mawili kabla ya kusema neno lolote kwa mtu yeyote, andika katika daftari lako, saa mbili na nusu asubuhi na saa sita mchana, kama kila mmoja anasinzia, kama amemaliza zoezi, na kama amegombana na mtu. Kisha fanya unalokusudia kufanya, uendelee kuandika kwa saa zile zile majuma mawili mengine, katika siku za masomo za kawaida. Watoto wasijue nani anaandikwa, na daftari lisiachwe mezani. Mkufunzi atakapokuja kukukagua, mwonyeshe kurasa hizo kabla hujamwambia kwamba kuna aliyebadilika.