Kusukuma Mlango Tu, Miaka 10 Ndani

Uliza vijana mtaani kuvunja nyumba ni nini, wengi watakuambia ni kung'oa kufuli na kutoka na TV. Sheria haioni hivyo. Kwa Kanuni ya Adhabu ya Kenya, hata kusukuma mlango uliorudishwa bila kufungwa ni kuvunja. Ukipenyeza mkono dirishani, umeingia. Na si lazima uibe. Nia ya kutenda kosa kubwa humo ndani inatosha.

Saa nayo ina bei yake. Mchana, kifungo chaweza kufika miaka 7. Kati ya saa kumi na mbili unusu jioni na saa kumi na mbili unusu asubuhi, kinapanda hadi miaka 10.

Moto ndio noma zaidi. Kuchoma jengo makusudi, hata ambalo halijakamilika, kwaweza kukufunga maisha. Kujaribu tu ni hadi miaka 14. "Hakuna aliyeumia" si utetezi. Na wapo walioumia: mwaka 2001 pale Kyanguli, Machakos, wanafunzi 67 waliteketea bwenini.

Ndiyo maana nasema haya yafundishwe darasani, si kusomwa kortini. Mwanafunzi huambiwa "usichome", lakini haelezwi kwamba aliyenunua petroli akijua kazi yake, na aliyelinda mlango, huhesabiwa sawa na aliyewasha kiberiti.

Mbogi yako ikikuita usiku, uliza kwanza unaitiwa nini. "Nilifuata wenzangu" haifuti kosa.