Inchi 6.8 za Deni: Soma Hii Kabla Hujachukua Hiyo Simu Kubwa

Wacha niseme mapema ili usisome hadi chini ukingoja: simu yangu ya inchi 5.5 inabaki. Sio eti sina macho. Naona vile simu za siku hizi zinakaa, skrini imejaa kutoka ukingo hadi ukingo, na kila nikitoa yangu pale stejini Ishiara lazima kuna msee ataniuliza kama hiyo ni rimoti ya TV. Sawa, tucheke. Lakini tukimaliza kucheka tufanye hesabu, kwa sababu wengi wa rika letu wanaingia kwa deni la mwaka mzima kwa sababu ya namba moja tu iliyoandikwa kwa boksi: 6.8.

Hiyo namba inatuchezea akili, na watu hawasemi.

Kwanza, skrini hupimwa kwa mshazari, yaani kutoka kona moja ya chini hadi kona ya juu ya upande mwingine. Inchi zinaongezeka hata kama simu imerefuka tu bila kupanuka. Na hicho ndicho kimefanyika. Simu za zamani zilikuwa na umbo la 16 kwa 9. Za sasa nyingi ni 20 kwa 9, ndefu na nyembamba. Ukipiga hesabu, skrini ya inchi 5.5 ya umbo la zamani ina upana wa karibu sentimita 6.85. Skrini ya inchi 6.5 ya umbo jipya ina upana wa karibu sentimita 6.78. Soma tena hapo. Ile "kubwa" ni nyembamba kuliko ile "ndogo". Kilichoongezeka ni urefu, karibu sentimita 3 hivi.

Sasa lala kitandani, geuza simu, fungua mechi. Mpira bado unatengenezwa kwa umbo la 16 kwa 9. Kwa hiyo kwa simu mpya picha inakaa katikati na pande zote mbili zinabaki nyeusi. Wale wachezaji unaowaona kwa inchi 6.5 hawajakuwa wakubwa kuliko wale ninaowaona kwa 5.5 yangu. Kwa kweli ni wadogo kidogo. Ukienda hadi 6.8 unaongeza milimita 3 hivi za upana wa skrini ukilinganisha na 6.5. Milimita tatu, boss. Hiyo ni kama unene wa sarafu mbili.

Pili, kuna nukta. Picha ya simu ni nukta ndogo ndogo za mwanga. Simu nyingi za bei ya kawaida, ziwe 6.5 au 6.8, zina nukta 720 kwa 1600 au karibu na hapo. Zile za juu kidogo zina 1080 kwa 2400. Ukihama kutoka skrini ndogo ya nukta 720 hadi kubwa ya nukta 720, hujapata picha zaidi. Umepata picha ile ile ikiwa imevutwa, kama tisheti iliyokaushwa ikining'inizwa na mawe. Ukiwa dukani, kabla hujauliza inchi ngapi, uliza nukta ngapi. Muuzaji asipojua, mwambie afungue mipangilio ama asome boksi.

Tatu, na hii ni yetu sisi wa huku chini: jua. Mtu wa Nairobi anaweza kununua simu ndani ya duka lenye taa za bluu na akafurahia. Sisi Ishiara saa saba mchana unajua vile kunakuwa. Kuna skrini kubwa za bei rahisi ambazo ukitoka nje zinageuka kuwa kioo cha kujitazama. Mwangaza wa skrini hupimwa kwa niti, na namba hiyo ni ya maana kuliko inchi kwa mtu anayerekodi video shambani ama anayesoma ujumbe wa M-Pesa akiwa sokoni. Kabla ulipe, toka nayo nje ya mlango wa duka. Kama huoni saa vizuri, rudisha.

Sasa nisiwe mtu wa upande mmoja. Kuna watu wanaohitaji skrini kubwa, na nawapa haki yao. Kama unasoma notisi za chuo na karatasi za marudio kwa simu kwa sababu huna kompyuta, ule urefu wa ziada unasaidia, unaona mistari mingi bila kusukuma kila sekunde. Kama unakata video kwa simu, nafasi ya kuona vipande vyako huku chini na picha huku juu ni kitu cha maana. Video za TikTok ni za wima, zinajaza skrini ndefu vizuri. Na kama ni mzee wa nyumbani ambaye macho yamechoka, sawa, mnunulie. Ila kabla hujatoa pesa, ingia kwa mipangilio ya simu aliyonayo uongeze ukubwa wa maandishi. Ni bure. Cucu wengi wanateseka na herufi za sisimizi kwa sababu mjukuu mwenye kujua hiyo sehemu hajachukua dakika mbili.

Na kwetu tunaofanya kontenti, tuambiane ukweli. Anayekutazama hajui simu yako ni inchi ngapi. Anajua kama sauti yako inasikika ama ni upepo tu. Anajua kama uso wako uko na mwanga ama umekuwa kivuli. Maikrofoni ndogo ya kubana kwa shati, kusimama ukiangalia dirisha, kutumia kamera ya nyuma badala ya ile ya mbele, kufuta takataka ili simu ipate nafasi ya kuhifadhi: hivyo ndivyo vitu vinabadilisha video. Ukubwa wa skrini unakufurahisha wewe. Mtazamaji anabaki pale pale.

Lakini hebu tuseme ukweli mwingine: soko lenyewe linatusukuma. Mwaka 2007 iPhone ya kwanza ilitoka na skrini ya inchi 3.5 na dunia ikapagawa. Hapa Kenya, Huawei Ideos iliyofungulia wengi mlango wa simu janja karibu mwaka 2011 ilikuwa na inchi 2.8. Mwaka 2010 Steve Jobs alisema hakuna mtu angenunua simu kubwa za kutojaa mkononi. Mwaka uliofuata Samsung wakatoa Galaxy Note ya inchi 5.3, watu wakaicheka. Kufikia 2014 Apple wenyewe walikuwa wanauza ya 5.5. Baadaye wakajaribu kurudi kwa ndogo, wakatoa iPhone 12 mini na 13 mini za inchi 5.4, halafu mwaka 2022 wakaachana nazo.

Hata hapa nyumbani, kile kiwanda cha Athi River kilipozinduliwa Oktoba 2023, simu mbili za kwanza zilikuwa Neon Smarta ya inchi 5 kwa shilingi 7,499 na Neon Ultra ya inchi 6.5 kwa shilingi 8,999. Ona vile imepangwa: ndogo ndiyo ya chini, kubwa ndiyo ya juu. Simu ndogo yenye nguvu, kwa bei yetu, ni kama haipo tena. Kwa hiyo siku yangu ya kununua kubwa itafika. Siku hii ikifa kabisa, sitakuwa na uchaguzi mwingi. Swali langu ni lini, na kwa pesa ya nani.

Hapo kwa pesa ya nani ndipo nataka tukae.

Mwaka 2020 Safaricom walileta Lipa Mdogo Mdogo: unatoa shilingi 1,000, halafu shilingi 20 kwa siku, unapata simu ya 4G. Tangu hapo mikopo ya simu imeenea kila mahali, kampuni nyingi, simu kubwa zaidi, na malipo ya siku yamepanda na ukubwa wa simu. Sitasema ni mbaya yote. Kuna watu wangekaa na kabambe hadi leo bila mpango kama huo. Lakini mpango una meno: usipolipa, simu inafungwa. Iko mkononi mwako, iko na laini yako, picha zako, namba za wateja wako, na huwezi kuitumia.

Piga hesabu na mimi. Huu ni mfano tu, sio bei ya kampuni yoyote. Simu ni shilingi 18,000 taslimu. Kwa mkopo unatoa 4,000 mwanzo, halafu 75 kwa siku kwa siku 365. Hiyo 75 inaonekana kama soda. Lakini 75 mara 365 ni 27,375. Jumlisha 4,000 unapata 31,375. Umelipa 13,375 zaidi kwa simu ile ile. Muuzaji atakuambia malipo ya siku, hatakuambia jumla. Wewe mwenyewe toa kikokotoo, na umwonyeshe jibu akiwa hapo.

Na hapa ndipo Ishiara inatofautiana na mtaa wa Nairobi. Mkopo wa kila siku ulitengenezewa mtu anayepata kila siku. Msee wa boda anaingiza kitu kila jioni. Kwake 75 inaweza kuwa sawa, hasa kama simu inamletea wateja. Lakini pesa ya wengi wetu huku haiji kila siku. Ndengu zina msimu. Maembe yana msimu. Muguka inachumwa, halafu unangoja ichipuke tena. Na hata ikichipuka, bei yake inaweza kutikiswa na watu ambao hawajawahi kukanyaga Mbeere. Mei 2024 kaunti ya Mombasa ilipiga marufuku muguka, Kilifi na Taita Taveta zikafuata, na ingawa serikali kuu na mahakama ziliingilia, zile siku familia nyingi huku zilikuwa zinajiuliza mzigo utaenda wapi. Sasa fikiria ulikuwa na deni la simu wiki hiyo. Mkopo haujui habari za gavana. Haujui mvua ilichelewa. Saa sita usiku ikifika bila malipo, skrini yako ya inchi 6.8 inakuwa inchi 6.8 za giza.

Na simu ikifungwa, ni kazi imefungwa. Mteja anapiga hakupati. Kama ulikuwa unatafuta pesa ya kulipa hiyo simu kupitia hiyo simu, umefungiwa nje ya nyumba na ufunguo uko ndani.

Najua mwenye atasema: "Wacha wivu, kila mtu na doo yake." Sawa kabisa. Kama uko na pesa taslimu na unapenda skrini kubwa kwa sababu unaipenda tu, nunua, ufurahie, hauhitaji ruhusa yangu. Raha pia ni sababu. Shida yangu ni ile presha ya kuonekana. Kuna vijana wanachukua simu ya deni wiki mbili kabla ya kuripoti chuo, halafu karo inaanza kutafutwa kwa harambee. Kuna mwenye aliuza mbuzi. Mbuzi anazaa, wasee. Simu tangu uitoe kwa boksi inaanza kushuka bei, na mwaka ujao kampuni ile ile itakuwa na nyingine ndefu zaidi kidogo.

Kwa hiyo mimi natumia maswali manne, na unaweza kuyachukua.

Moja: kuna kazi gani simu yangu ya sasa imeshindwa kufanya, ambayo naweza kuitaja kwa jina? "Imezeeka" sio kazi. "Haiwezi kufungua programu ninayolipwa kutumia" ni kazi.

Mbili: tatizo ni skrini kweli, ama ni betri, nafasi ama kioo kilichopasuka? Betri mpya kwa fundi inaweza kukupa mwaka mwingine.

Tatu: jumla ni ngapi, sio ya siku, jumla?

Nne: pesa yangu ikikauka miezi miwili, hii simu bado ni yangu?

Ukijibu zote nne na bado unaona ununue, nenda, na uchukue yenye nukta nyingi na mwangaza wa kutosha badala ya yenye inchi nyingi. Ijaribu kwa mkono mmoja pia. Kama kidole gumba hakifiki juu, utakuwa unaiangusha kila siku, na kioo cha simu kubwa sio bei ya kioo cha simu ndogo.

Mimi swali la kwanza bado halina jibu kwangu, kwa hiyo nimetulia. Ile pesa naweka kidogo kidogo, siku mvua ikinyesha naweka zaidi, siku ikikosa siweki, na hakuna mtu ananifungia kitu. Ikifika bei ya simu taslimu na hii yangu bado inapumua, huenda nikanunua mbuzi kwanza.

Endeleeni kuniita mwenye rimoti. Angalau hii rimoti ni yangu.