Usitupe kaseti bado

Kuna ubishi wa siku nyingi kati yetu watu wa kompyuta: MP3 ni muziki au ni takataka? Mimi husikiliza nyimbo zangu kwenye matatu kati ya Witeithie na Ruiru, na sioni haya kusema kwamba MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde inanitosha kabisa. Injini, kondakta na upepo wa Thika Road vinameza tofauti yote. Anayedai anaisikia humo ndani ana masikio ya popo.

Kwa wale wasiofahamu: CD hupima sauti mara 44,100 kwa sekunde, kila kipimo biti 16, kwa chaneli mbili. Wimbo wa dakika nne basi ni megabaiti 42 hivi. MP3 ya 128 huushusha hadi karibu megabaiti 4. Inawezaje? Inatupa sauti ambazo sikio haliwezi kuzinasa, kwa mfano sauti hafifu iliyofunikwa na nyingine kubwa. Werevu mtupu! Lakini kilichotupwa hakirudi. Ukiigeuza kuwa WAV utapata faili kubwa yenye sauti ileile iliyopungua, na ukiibana tena, inatupa tena.

Hapo ndipo ninapogombana na wenzangu. Nyimbo za Joseph Kamaru, aliyefariki mwaka 2018, wengi wetu huku tulizikuta kwenye kaseti na santuri za wazee. Sasa mtu anaiingiza kaseti kwenye kompyuta kwa kilobiti 64 ili ienee kwenye simu, kisha anaitupa. Siku atakayoisikiliza kwa spika nzuri, magitaa yatalia kama yako chini ya maji, na hana pa kurudi. Mjukuu wa Kamaru, msanii anayejulikana kama KMRU, amekuwa akizitoa upya nyimbo za babu yake. Kazi kama hiyo utaifanyaje na faili iliyokwisha kukatwakatwa?

FLAC ipo tangu 2001, ni ya bure, na mara nyingi hupunguza faili kwa karibu nusu bila kupoteza hata biti moja. Diski za leo zina nafasi tele, kwa hiyo kisingizio cha ukubwa sikikubali. Rekodi kaseti ya babu kwa FLAC kwanza, weka nakala mbili mahali tofauti, halafu kutoka hapo tengeneza MP3 ya kubeba, hata ya 64 ukipenda. Kaseti yenyewe irudishe kabatini, mbali na jua.