SI KILA HOMA NI MALARIA

Ndugu wafanyi kazi,

Kuna desturi mbaya kati yetu ambayo yafaa tuiache. Mtu akishikwa na homa husema, "Ni malaria tu," akanunua vidonge dukani, na kesho yake yuko kazini akitetemeka. Nyapara naye husema hivyo hivyo, maana neno hilo humrudishia mtu wake upesi. Mimi nasema desturi hii yatudhuru sote, na Chama hakina budi kuiingilia.

Malaria huletwa na mbu aumaye usiku, na dawa yake ipo. Lakini homa nyingi huletwa na virusi, ambavyo haviuawi na dawa ya malaria, wala na zile dawa za bakteria tunazonunua bila cheti. Basi mgonjwa na ajiulize mambo matatu: ugonjwa huu huambukizwa vipi, dalili zake ni zipi, na kipimo chake ni kipi?

Tazameni Mombasa. Mwaka wa 2013 ilienea homa ya dengi, na mwisho wa 2017 hadi 2018 ikaja chikungunya. Zote huletwa na mbu aumaye mchana, azaaye katika maji yaliyosimama ndani ya mapipa, makopo na magurudumu makuukuu. Dengi hutia homa kali ya ghafula, maumivu nyuma ya macho na pengine vipele. Chikungunya hushika viungo, na maumivu yaweza kukaa miezi. Zote hupimwa kwa damu, lakini kipimo cha malaria hakizionyeshi. Tena mwenye dengi asimeze aspirini, maana yaweza kumzidishia kutokwa na damu. Mwaona hatari ya kubahatisha!

Mafua makali na korona, iliyoonekana Kenya mara ya kwanza Machi 2020, hupita kwa pumzi na kikohozi. Korona hupimwa kwa kijiti cha pamba puani. Mtu mmoja akilazimishwa kuja kazini anakohoa, baada ya siku chache gengi nzima inakohoa. Je, bwana mkubwa amepata faida gani?

Ugonjwa wa ini aina ya B huambukizwa kwa damu, kwa kujamiiana, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Wengi hawaoni dalili yo yote. Wengine macho huwa manjano na mkojo mweusi. Hupimwa kwa damu, na chanjo yake ipo. Wenzetu wanaowafunga majeraha walioumia kazini wastahili chanjo hiyo. Virusi vya UKIMWI navyo hupita kwa njia hizo, na mama aweza pia kumwambukiza mtoto kwa kunyonyesha. Kipimo chaweza kukosa kuvionyesha mwanzoni, kwa hiyo aliyejihatarisha apime tena baada ya miezi 3. Wala msiogope: sheria ya mwaka wa 2006 yakataza kumlazimisha mtu kupimwa UKIMWI ili apate kazi.

Wengine watasema kupima ni kupoteza siku. Lakini Sheria ya Ajira ya 2007 yasema kwamba aliyefanya kazi miezi 2 mfululizo ana haki, kila mwaka, ya siku zisizopungua 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na 7 nyingine kwa nusu mshahara, akiwa na cheti cha daktari. Anayejitibu dukani hana cheti, na asiye na cheti hana la kudai. Basi kwa vidonge vya dukani twajinyang'anya haki yetu wenyewe.

Kwa hiyo naomba makatibu wa matawi wapeleke mambo matatu mbele ya waajiri: dispensari za wafanyi kazi ziwe na vipimo, si vidonge tu, watoa huduma ya kwanza wachanjwe, na maji yaliyosimama katika yadi yamwagwe kila juma. Nasi tuache kuficha homa. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio kitamfichua.

Ni mimi ndugu yenu,
Mfanyi kazi wa Reli