"Kwani alikuwa anavuta?" Acheni hilo swali!

Jamani, kuna swali limenichosha. Mtu akisema ana saratani ya matiti anapewa pole. Akisema ana saratani ya mapafu, hata pole haijatoka, anaulizwa: "Kwani ulikuwa unavuta sigara?" Wanaouliza ni ndugu, majirani, na sisi waandishi wa habari tumo.

Hebu tujiulize, swali hilo linamsaidia nani? Kama alivuta, kumsuta leo hakuondoi uvimbe kifuani. Kama hakuvuta, umemhukumu bure. Sigara ndiyo chanzo kikuu, hilo halina ubishi. Lakini wapo wanaougua bila kuigusa maishani mwao: kuna moshi wa sigara za wengine, hewa chafu ya mijini, vumbi la asbesto, na gesi ya radoni inayotoka ardhini. Hata moshi wa kuni jikoni unashukiwa. Tutawauliza na mama zetu kwa nini walipika?

Matokeo yake mgonjwa anajificha. Saratani hii ndiyo inayoua watu wengi kuliko saratani nyingine yoyote duniani, takriban milioni 1.8 mwaka 2022, lakini wagonjwa wake huwasikii. Mtu anatoka Kigoma kuja Ocean Road, anatibiwa, anarudi kwao, na hamjui mwenzake hata mmoja wa kumuuliza: wewe usiku ukikosa pumzi unafanyaje?

Wenzetu wamekataa upweke huo. Mwaka 2015 wagonjwa wenye aina adimu iitwayo ROS1, ambayo ni kama mmoja au wawili kati ya wagonjwa 100 wa saratani ya mapafu, walitafutana kupitia intaneti wakaunda kundi la ROS1ders. Mmoja wao ni Mmarekani Janet Freeman-Daily, mhandisi. Hawakuishia kupeana pole. Walishirikiana na watafiti, hata kujitolea vipande vya uvimbe wao vichunguzwe maabara.

Msiniambie hayo ni mambo ya Wazungu. Mwaka 1987 Noerine Kaleeba na wenzake walianzisha TASO kule Uganda, baada ya mume wake kufa kwa UKIMWI. Enzi hizo nako kulikuwa na swali: "Kaupata wapi?" Walioathirika walikaa pamoja, wakafundishana, wakashikana mikono, na swali likaanza kupoteza nguvu. Kwa nini wa mapafu tuwaache wahangaike peke yao?

Najua mtakachosema: wagonjwa wakikutana mtandaoni, matapeli wa mitishamba watawavamia. Kweli, wapo. Lakini hao wanamwinda zaidi mgonjwa aliye peke yake. Dawa ya tapeli ni kundi lenye muuguzi ndani yake, na wenzako waliopita njia hiyo wa kukwambia, "Usitoe hela yako, mimi nililiwa."

Kwa hiyo nasema hivi. Kila kliniki ya saratani imuunganishe mgonjwa mpya na mgonjwa mwenzake aliyekubali kusaidia, pale pale anapopewa tarehe ya kurudi. Gharama yake ni vocha tu. Na sisi wengine, tukisikia mtu anaugua mapafu, tuseme pole halafu tunyamaze.

Naomba kutoa hoja.